Mshale Usiotulia Njia ya Hatta

Mama yangu husema hasira zangu ni za mkizi, na hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Simbishii. Kwa hiyo nikisimulia kwamba nilimtukana fundi mbele ya watu, ndani ya karakana yake mwenyewe, wanaonijua hawatashtuka. Watakaloshtukia ni kwamba mwenye kosa nilikuwa mimi, na hata nilipokuwa nikibwata kulikuwa na sehemu ya moyo wangu inayolijua hilo.  Yule bwana alifuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza kesho yake natoka saa ngapi.

Wakati huo nilikuwa dereva wa pikapu ya dizeli ya arbab mmoja, kama tunavyomwita bosi huku Dubai, muuza pampu za maji. Ghala letu lilikuwa Ras Al Khor, na wateja wengi walikuwa wenye mashamba na nyumba za mapumziko upande wa Hatta, milimani, kwa hiyo kutwa nilikuwa njiani na mzigo wa chuma nyuma yangu. Arbab kazaliwa hapa hapa Dubai, lakini mama yake ni mtu wa Unguja na alimlea kwa lugha yake. Biashara aliifanya kwa Kiarabu, barua aliandika kwa Kiingereza, na kugomba aligomba kwa Kiswahili. Alikuwa na magari sita, na yote sita yalitengenezwa kwa fundi huyo mmoja.

Fundi naye alikuwa Mzanzibari, amenizidi miaka kumi hivi, mwembamba, wa maneno machache. Miaka zaidi ya ishirini ya kufanya kazi na Wapakistani na Wahindi haikukigusa Kiswahili chake. Karakana yake iliingia magari mawili tu, la tatu lilikaa nje juani. Kazi za watu wa njiani zilikuwa za kubahatisha. Magari sita ya arbab ndiyo yaliyoifanya leseni ya karakana iendelee, na leseni ndiyo iliyoshika viza yake na ya mkewe. Sisi madereva wote tulilijua hilo. Arbab akiyaondoa magari yake, fundi anafunga mlango na kurudi kwao.

Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine, Mombasa wala Dubai. Ukimletea gari, hagusi boneti. Anakuvutia kigoda, anakumiminia chai, kisha anakuuliza. Lilianza lini? Asubuhi au mchana? Na mzigo au tupu? Nani kaligusa mara ya mwisho? Majibu yako anayaandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi, neno kwa neno, na analoandika analiamini. Kompyuta ya kupimia anayo, lakini inakuja baadaye. Alikuwa akisema dereva ndiye anayeshinda na gari, na kumruka dereva ni kama daktari kumruka mgonjwa akaenda kuuliza kitanda. Mafundi wenzake wa mtaa ule walimcheka. Mimi nilimpenda kwa hilo, maana katika mji huu dereva haulizwi kitu na mtu yeyote ila leseni yake.

Pikapu yangu ilianza ugonjwa wake miezi ya joto ilipokwisha. Gari la kawaida ama linachemsha ama halichemshi, ukajua moja. Hili langu lilikuwa na vituko. Njia tambarare, likiwa tupu, mshale wa joto ulishuka mpaka chini kabisa, utadhani injini nimeiwasha sasa hivi. Nikiingia kwenye foleni, unapanda. Nikipakia pampu nikaanza kupanda vilima vya kuelekea Hatta, unakwenda moja kwa moja kwenye nyekundu, na mvuke unanitokea mbele ya kioo. Nikisimama dakika kumi, umeshuka tena kama haukufanya kitu. Siku nzima jicho moja liko barabarani na jicho moja liko kwenye mshale.

Fundi akanikalisha, akaniuliza, akaandika. Akaisafisha njia ya maji, bado. Akatoa rejeta, akatia mpya, na kwa siku mbili tukadhani tumepona, kumbe bado. Akabadilisha kifaa kinachoishika feni, akabadilisha kifuniko cha maji. Bado. Kila nikirudi alikuwa akitoa kile kipande cha boksi, anakisoma upya toka juu, anakuna kidevu.

Sasa niseme nililolificha. Agosti ile, kabla ya vituko hivi, nilikwama kwenye foleni na mzigo, jua la saa saba mchana, gari likachemsha. Nikajiburuta hadi nyuma ya kituo kimoja cha mafuta, nikangoja lipoe, nikalala chini, nikafungua nati na kuitoa thamostati. Thamostati ni kidude kidogo cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini: maji yakiwa baridi kinaziba, yakipata moto kinafungua. Na sisi watu wa Mombasa tuna dini yetu kuhusu kidude hiki. Gari likichemsha mara moja tu, fundi wa kwanza utakayemwendea ataitoa thamostati na kuitupa mtaroni, na hotuba juu yake: hiki kitu Mzungu alikiweka kwa ajili ya theluji, na sisi theluji tunaijulia wapi? Mimi udereva nimejifunzia kwenye malori, Changamwe, na sikumbuki lori lililokuwa nayo. Nikasema, ikiwa Mombasa haina kazi, Dubai mwezi wa Agosti itakuwa na kazi gani? Nikaitupa kwenye pipa la taka, nikafunga, nikajaza maji. Gari likaenda vizuri mpaka joto lilipopungua na safari za milimani zikaanza tena, nami nikajiona bingwa.

Lakini arbab alikuwa na sheria yake. Dereva anaongeza maji na oili, basi. Asiguse nati hata moja. Dereva aliyekuwa kabla yangu alirekebisha breki mwenyewe, na wiki hiyo hiyo akapelekwa uwanja wa ndege na begi lake. Kwa hiyo pale kigodani, fundi aliponiuliza kama kuna mtu kafungua kitu, na kama thamostati ipo, nilijibu upesi upesi kwamba ipo na hakuna aliyeigusa. Akaandika: ipo. Katika injini ile inakaa chini, nyuma ya feni, huioni mpaka ufungue vitu vingi, naye kwa kuwa alishaambiwa ipo, akaenda kutafuta kwingine kote. Wallahi sikuamini kwamba ndiyo inayoleta vituko. Lakini uongo ni uongo. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha maradhi ya gari la watu.

Kifo kilikuja kwa sura ya mteja. Nilichemsha langoni kwake, mvuke tele, naye akampigia simu arbab. Ijumaa jioni arbab akaja karakana mwenyewe, na hakugomba, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kesho kuna pampu nne kubwa za kwenda Hatta, zimeshapakiwa. Pikapu ikichemsha safari hiyo, magari yote sita yanahamia karakana ya Al Quoz, khalas. Fundi akasema inshallah. Arbab akaondoka.

Hapo ndipo mkizi alipohamaki. Ukweli ni kwamba niliogopa, na mimi nikiogopa nagomba. Nikamwambia fundi gani huyu, rejeta mpya, feni mpya, kila kitu kipya na gari bado linatokota, afadhali arudi Unguja akauze urojo. Walikuwepo wafanyakazi wake wawili na madereva watatu. Wote wakaangalia chini. Yeye ndipo akafuta mikono, akaniuliza natoka saa ngapi, akaniomba jambo moja tu: nisiliwashe gari mpaka afike, anataka alikute limelala baridi.

Nilikuwa nikikaa International City, chumba cha kushirikiana na Wamombasa wenzangu na Mganda mmoja. Asubuhi, baada tu ya alfajiri, nikamwona anakuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, mkoba wa vifaa begani. Alikuja kwa basi, gari lake alimwachia mkewe. Akanipa salamu ya kawaida, nikaitikia huku naona haya. Akafungua boneti, akaweka kiganja kitupu juu ya mpira mnene wa juu, ule unaopeleka maji kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Akaniambia niwashe. Nikawasha. Akasimama hivyo hivyo, mkono juu ya mpira, macho chini, kama dakika mbili tatu. Halafu akauondoa mkono, akausugua kwa mwenzake, akanitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko inavyostahili. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai, nikasema bado, akatoa chupa mkobani.

Tukaondoka. Alikuwa na kipima joto cha kuelekeza kama bastola, lakini sikumwona akikitumia sana. Silicon Oasis ikabaki mkono wa kulia, magari yakapungua, mchanga ukaanza, na mshale kama kawaida yake ukaporomoka chini. Nikamwonyesha. Akasema anauona. Niliingoja hesabu ya vipimo na maswali ya kifundi, lakini aliniuliza habari zangu mimi. Nina wazazi? Nimekuja mwaka gani? Mke anakaa na nani? Nikamjibu, na kila nikijibu nazidi kunywea, kwa sababu mtu uliyemtukana jana akikuuliza hali ya mama yako, unakosa pa kuweka uso.

Kisha akanisimulia habari zake mwenyewe. Ujana wake, Unguja, alikuwa akifanya kazi kwenye karakana moja, na siku moja alisahau kitambaa ndani ya njia ya hewa ya injini ya mtu. Injini ikafa. Mkubwa wa karakana akamshuku kijana mwenzake, na yeye mwenye kosa akanyamaza. Akanyamaza wiki mbili, anakuja kazini, anaondoka, yule mwenzake hasemeshwi na mtu. Wiki ya tatu akaenda kusema. Nikamuuliza ikawaje. Akasema alifukuzwa, na usiku ule alilala usingizi ambao hajapata kuulala tena. Mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani anapitisha safari tu. Nikamwambia pole.

Sasa nikikumbuka najishika kichwa. Mtu amenifungulia mlango wazi kabisa, nami nikapita pembeni yake nikitoa pole.

Si kwamba sikuhisi kitu. Neno lilinifika kooni mara mbili. Mara ya kwanza lori likatupita, nikalimeza. Mara ya pili nikaanza kabisa, nikasema "Fundi," naye akageuka kunisikiliza, mwili mzima, nami nikamalizia kwa kumuuliza kama hana baridi. Akasema hana. Nilikuwa nafikiria begi la yule dereva wa mwanzo. Nilikuwa nafikiria pia mkewe fundi, ambaye Ramadhani iliyopita alitupelekea madereva wote sambusa, na leo anaweza kurudishwa kwao kwa sababu ya mdomo wangu. Nilijichukia, nasema kweli. Lakini kujichukia hakukunifungua mdomo.

Milima ikaanza. Kilima cha kwanza mshale ukainuka hadi katikati. Cha pili ukapita katikati. Pampu nne zilikuwa zinatuvuta nyuma, nami nikashusha gia, nikazima kiyoyozi, nikafungua kipasha joto cha ndani ili kinyonye moto wa injini, tukawa tunatoka jasho na madirisha wazi. Hiyo ndiyo mbinu niliyokuwa nikiitumia miezi yote ile. Nikauona mshale unakaribia nyekundu, nikatoka barabarani kabla haujafika, nikasimama kwenye changarawe na kuiacha injini ingurume chini chini, ipumue kidogo kabla ya kuizima. Fundi alinitazama nikifanya yote hayo.

Tukashuka. Palikuwa kimya, mawe matupu na mbuzi wachache wa mtu. Akafungua boneti. Nilitarajia achungulie huku na kule, lakini hakugusa kitu. Alifungua mkoba, akatoa kiboksi kidogo, akakiweka kwenye bodi ya gari, juu ya gurudumu, mbele yangu. Nikakisoma. Ilikuwa thamostati mpya.

 Nikasimama pale namtazama yeye, natazama kile kiboksi. Yeye akaketi juu ya jiwe, akasema injini ikipoa ataitia, akamimina chai iliyobaki. Hakuniuliza kitu. Angeniuliza ningesema uongo tena, najijua. Ule ukimya ndio ulionishinda. Nikamwita ami, neno ambalo sikuwa nimewahi kumwita.

"Ami, niliitoa mimi. Mwezi wa nane. Nikakudanganya."

"Najua," akasema.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema jana usiku alikisoma kile kipande cha boksi kwa mara ya mwisho, akaona vitu vyote alivyoandika amevipima kwa mkono wake, isipokuwa kimoja alichoambiwa tu. Kwa hiyo alikuja na hii. Na asubuhi pale maegeshoni, injini baridi, mpira wa juu ulianza kupata uvuguvugu papo hapo nilipowasha. Thamostati ingekuwepo, ule mpira ungekaa baridi mpaka injini ishike moto, ndipo mlango ufunguke. Maji yale hayakuwa na mlango.

"Sasa mbona hukuniambia, ami? Safari yote hii?"

"Ningekwambia mie, ungebisha. Nilitaka unambie wewe."

Nilitaka ardhi ipasuke. Kumbe mtu huyu alikaa saa nzima na ushei kando yangu, karakana yake iko ukingoni, jibu liko mkobani mwake, ananingoja. Mimi nikijua jambo dakika moja tu, mtaa mzima umeshalisikia.

Injini ilipopoa akafanya kazi, na nikiri kwamba sijaona mikono kama ile. Hakuona alichokuwa akikifungua, feni inaziba. Alifumba macho kabisa, akafungua kwa kupapasa, na kila nati aliyoitoa aliiweka juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule ilivyokaa kwenye injini. Maji aliyakinga kwenye dumu, akayatazama kama yana oili, hakumwaga hata kikombe mlimani kwa watu. Akakuta gundi niliyoipaka kwa fujo mahali pa gasketi, akaikwangua kwa kucha na kisu kidogo mpaka chuma kikawa safi, na kuikwangua kulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Hakunisema hata kwa hilo.

Wakati anakwangua akanieleza, maana nilimuuliza: ikiwa kidude hiki kinaziba maji, vipi kukitoa kunaleta moto? Akasema katika injini hii kina milango miwili. Mmoja ukifunguka kuelekea rejeta, wa pili unafunga kinjia kidogo cha pembeni ambacho kazi yake ni kurudisha maji ndani injini ikiwa baridi. Ukikitoa, vyote viwili viko wazi siku zote. Njia tambarare, injini haina kazi, maji yanapoa kupita kiasi. Ukipanda mlima na mzigo, nusu ya maji yanakwenda kupoa na nusu yanarudi ndani moto moto. Rejeta ungeibadilisha kumi, ingekuwa vile vile. Nikafikiria malori yote ya Changamwe na hotuba zote za theluji, nikaona tulivyokuwa tunaumiza mashine za watu kwa kujiamini.

Akafunga, akarudisha maji, akatoa hewa, tukapanda. Kilima kile kile. Mshale ukainuka pole pole hadi katikati, ukakaa. Kilima kilichofuata, kirefu zaidi, ukakaa hapo hapo. Nilikuwa nimesahau kwamba mshale wa joto unaweza kukaa mahali pamoja. Nikataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na fundi akanambia niangalie barabara.

Ndipo simu yake ikalia. Arbab. Nikasimama kando ya njia, naye akaiweka simu juu ya dashibodi, sauti wazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado na mafuta. Arbab akauliza kuna habari gani. Fundi akamwambia gari limepona, na kosa lilikuwa thamostati, haikuwepo. Akaongeza kwamba hilo alipaswa kulitazama kwa jicho lake siku ya kwanza, hakulitazama, na hilo ni kosa lake.

 Hakunitaja. Arbab akavuta pumzi, akasema kwa hiyo rejeta yangu ya zamani ilikuwa nzima, umeitoa bure, na miezi yote hii unanichezea. Akaanza kusema ataagiza mtu aje kuchukua karatasi za magari. Fundi alisikiliza, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa jambo analolijua. Nikaona kwamba atanyamaza hivyo hivyo mpaka mwisho. Alikuwa amesema kosa lake. La kwangu aliliacha kwa mwenyewe.

Nikainama kwenye simu. Nikasema, "Arbab, ni mimi. Niliitoa mimi Agosti, njiani. Fundi aliniuliza nikamwambia ipo. Yeye hana kosa lolote, ni mimi niliyemdanganya."

 Nilisikia tasbihi ya arbab ikigonga meza simuni. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwambia nini mke wangu. Arbab hakunijibu mimi. Alimwita fundi, akamuuliza kama bado yupo, fundi akasema yupo.

"Huyu mtu kakudanganya wewe kabla ya kunidanganya mimi. Niambie wewe. Nimpeleke uwanja wa ndege au nimwache?"

 Nilidhani fundi atanionea huruma, au atalipiza lile la urojo, na nisingemlaumu. Alitazama mbele, kwenye barabara, akifikiri kweli kweli.

"Nitakwambia ninalolijua," akasema mwishoni. "Miezi mitano gari hili limekwenda bila thamostati, na milima hii limepanda na mzigo. Leo nimeikagua injini, kichwa chake kizima, gasketi nzima. Imenusurika kwa sababu yeye kila mara alisimama upesi, kabla haijaungua. Nimemwona leo anavyolipandisha. Dereva mwingine, sasa hivi ungekuwa unanunua injini."

"Na uongo wake?"

"Uongo alinambia mie. Kwangu ameshaumaliza, pale juu mlimani."

 Arbab akasema haya, pampu zinangojwa, tuzipeleke. Na Jumapili atamletea fundi ile vani nyeupe, breki zake zinalia. Simu ikakatika.

Nikamgeukia. Nikaanza kumwambia Mwenyezi Mungu amlipe, kwamba ameniokoa, kwamba sitasahau mimi na wanangu. Akanikatiza kwa mkono wenye mafuta.

"Usinishukuru. Ungekuwa umeliunguza, ningemwambia na hilo. Haya, endesha, yakhe, watu wanangoja maji."

Nikatia gia. Nililia kuanzia pale mpaka langoni kwa mteja, mtu mzima na ndevu zangu, naye akawa anatazama nje ya dirisha lake, ameniacha nilie.